Masi ya fomula imekataa? Anza na jibu ulilolikosa

Binti wa jirani yangu hapa mtaani Umoja, Nairobi, aliye kidato cha tatu, alinijia jioni moja na daftari la kemia. Swali lilikuwa fupi: tafuta masi ya fomula ya kalsiamu haidroksaidi, Ca(OH)₂. Nyuma ya kitabu jibu ni 74. Yeye alikuwa amepata 114, akafuta, akarudia, akapata 114 tena, mpaka karatasi ikatoboka pale alipokuwa akifuta. "Mwalimu, kitabu kimekosea," akaniambia.

Nikamketisha nikamweleza mabano kwa nusu saa nzima. Akaitikia kila nilichosema, maana mabano alikuwa anayajua. Kesho yake akarudi na sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, fomula isiyo na mabano hata kidogo, na jibu la 222 mahali pa 106. Hapo ndipo nilipomwambia, "Hebu nionyeshe unavyobonyeza." Akatoa kwenye mkoba kalkuleta ya dukani kwa mama yake, ile yenye vitufe vikubwa, nambari 5 imefutika kwa kutumika. Akabonyeza 23 × 2 + 12 + 16 × 3, na mimi nikikodolea macho kioo: 46, halafu 58, halafu 74, halafu 222.

Alikuwa anaielewa kemia vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye kalkuleta, na mimi nilikuwa nimetibu ugonjwa asiokuwa nao. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akinijia na masi ya fomula iliyokataa, simfundishi kitu kabla sijaona jibu alilolikosa. Jibu hilo halikutoka hewani. Limezaliwa na kosa moja mahususi, na mara nyingi ukilitazama tu utajua ni lipi.

Kazi yenyewe, kwa ufupi

Masi ya fomula ni jumla ya masi za atomi zote zilizoandikwa kwenye fomula. Unahesabu atomi za kila elementi, unazidisha idadi kwa masi ya atomi moja, kisha unajumlisha. Utasikia pia watu wakisema masi ya molekuli. Kwa maji au kabonidayoksaidi jina hilo linafaa, kwa sababu vitu hivyo vina molekuli kweli. Chumvi ya mezani haina. Punje ya chumvi ni ioni (atomi zenye chaji) za sodiamu na za kloraidi zilizopangana safu kwa safu, na NaCl inataja uwiano tu: moja kwa moja. Kwa hivyo nitasema masi ya fomula kote.

Masi za atomi nitakazotumia ni zile za mitihani yetu: H 1, C 12, N 14, O 16, Na 23, Al 27, P 31, S 32, Cl 35.5, K 39, Ca 40, Fe 56, Cu 63.5. Zote ni ulinganisho na kaboni-12, ambayo tangu 1961 ndiyo kipimo cha dunia nzima, ikihesabiwa kuwa 12 kamili.

Sasa chombo chetu cha uchunguzi. Kama una jibu sahihi mbele yako, tafuta tofauti kati yake na lako, kisha uiulize ni ya nani. Tofauti ya 16 ni oksijeni moja iliyosahaulika au iliyoongezwa. Ya 17 ni kikundi cha OH. Ya 18 ni molekuli ya maji, ya 62 ni naitreti, na ya 96 ni salfeti. Kuwa mwangalifu na 32 na 64, kwa kuwa oksijeni mbili zina uzito sawa na salfa moja. Ukiona tofauti ya 64 inaweza kuwa oksijeni nne au salfa mbili, na fomula iliyo mbele yako ndiyo itakayoamua.

Dalili: umezidisha sawa, umejumlisha sawa, lakini jibu ni kubwa ajabu

Hii ndiyo ya yule binti, na naianza kwa sababu ndiyo tunayoishuku mwisho. Kalkuleta za Nairobi ni za aina mbili. Ile ya sayansi, na ile iliyo ndani ya simu, hujua kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha. Ile ya dukani hufanya hesabu papo hapo kadiri unavyobonyeza, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kungoja kinachofuata. Muuza duka haimsumbui, ila kwenye kemia italeta balaa.

Ipime yako sasa hivi: bonyeza 2 + 3 × 4 kisha alama ya sawasawa. Ikikupa 14, inafuata kanuni. Ikikupa 20, ni ya kwenda kushoto kulia.

Tazama jinsi kampaundi ileile inavyotoa majibu mbalimbali. Kwa Ca(OH)₂, ukibonyeza 40 + 17 × 2 kwenye ya sayansi unapata 74, sahihi. Mibonyezo hiyohiyo kwenye ya dukani inatoa 114, kwa sababu ilijumlisha 57 kwanza ndipo ikazidisha kwa mbili. Ukibonyeza 40 + 16 + 1 × 2, ya sayansi inakupa 58, maana imezidisha haidrojeni peke yake, na ya dukani inakupa 114 tena. Kwa hivyo 114 inaweza kuletwa na mwanafunzi anayeelewa kila kitu au na asiyejua mabano ni nini. Huwezi kuwatofautisha mpaka umwone akibonyeza.

Dawa ipo, na wala si kununua kalkuleta nyingine. Vitufe vya M+ (tia kwenye kumbukumbu) na MRC (soma kumbukumbu) vilivyopo kwenye kalkuleta ya dukani vimewekwa kwa kazi hii hasa. Futa kumbukumbu kwanza (kwenye nyingi, MRC mara mbili). Kisha kwa Na₂CO₃: 23 × 2, bonyeza M+. Halafu 12, M+. Halafu 16 × 3, M+. Ukibonyeza MRC, kioo kinaonyesha 106. Nilipomweleza binti yule, akashangaa: mama yake hufanya hivyohivyo kila jioni akijumlisha pakiti za unga, maziwa na sabuni za mteja mmoja. Kila kundi la bidhaa huzidishwa kivyake, likatiwa kwenye kumbukumbu, na jumla ikasomwa mwisho. Masi ya fomula ni risiti ya aina hiyohiyo.

Dalili: tofauti ni OH, NO₃, SO₄ au kipande chake

Hapa ni mabano, na makosa yake ni ya namna tatu.

Huwaambia wanafunzi wangu hivi: mabano ni kama matatu, lile gari la abiria, na nambari ndogo iliyo nje inasema ni matatu ngapi zilizojaa zimepita stejini. Kila abiria aliye ndani anahesabiwa kwa kila matatu. Aliyesimama nje ya mabano hakupanda, asihesabiwe. Katika Al₂(SO₄)₃, matatu tatu zimepita, kila moja ina salfa mmoja na oksijeni wanne. Aluminiamu wawili wako nje. Kwa hivyo: Al 2 × 27 = 54, S 3 × 32 = 96, O 12 × 16 = 192. Jumla 342.

Ukipata 150, tofauti ni 192, yaani salfeti mbili: uliiona matatu moja tu. Ukipata 278, tofauti ni 64. Zidisho la nje limewafikia oksijeni likawaruka salfa, maana ulibonyeza 54 + 32 + 16 × 4 × 3. Hapa ndipo ile tahadhari ya 64 inapohusika: oksijeni nne au salfa mbili? Fomula inasema salfa zilitakiwa kuwa tatu nawe umehesabu moja, basi ni salfa mbili. Ukipata 315, mabano yako hayana kosa lolote, umesahau tu ile 2 iliyo kwenye aluminiamu.

Kosa la tatu ni kinyume: zidisho kumwangukia hata aliye nje. Hapo kalsiamu naitreti, Ca(NO₃)₂, ambayo ni 164, inakuwa 204. Tofauti ni 40, kalsiamu mmoja wa ziada, tena inajitaja yenyewe.

Mwanafunzi mwenye tatizo la mabano simpi maswali kumi ya ziada. Namwambia aiandike fomula upya bila mabano kabla ya kugusa nambari yoyote: Al, Al, S, S, S, na oksijeni kumi na mbili. Ukishaweza kuwataja wote kwa kidole, hesabu iliyobaki ni ya darasa la nne.

Dalili: fomula ina nukta, na jibu limepotea kabisa

Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba salfeti, huandikwa CuSO₄·5H₂O. Masi yake ni 249.5. Hakuna fomula inayoniletea majibu ya kila namna kama hii, na sababu ni nukta ile ndogo katikati. Katika hisabati nukta iliyoinuliwa humaanisha kuzidisha. Katika kemia humaanisha "pamoja na". Mwanafunzi aliyetoka kipindi cha hisabati akaingia cha kemia anaisoma kama alivyozoea, na simlaumu.

Ukipata 14,355, umezidisha 159.5 kwa 90: nukta imekudanganya. Ukipata 159.5, umeacha maji yote, labda ulidhani baada ya nukta ni maelezo tu. Ukipata 177.5, umehesabu maji mara moja, ile 5 hukuiona. Na ukipata 185.5, ambalo ndilo kosa linalojificha zaidi, umeisoma 5H₂O kama haidrojeni kumi na oksijeni mmoja: 10 + 16 = 26. Ile 5 ya mbele inatawala kila kitu baada ya nukta. Ni molekuli tano nzima za maji, 5 × 18 = 90.

Ukitaka jambo hili liingie lisitoke, liangalie maabarani kwa macho yako. Weka fuwele chache za mrututu kwenye neli kavu ya majaribio, uishike kwa kibanio, ukiinamisha mdomo wake chini kidogo, uipashe moto polepole. Buluu inaanza kuondoka pembeni, matone ya maji yanajikusanya karibu na mdomo wa neli ulio baridi, na mwisho unabaki na unga mweupe kama wa ngano. Yale matone ndiyo ile 5H₂O. Ule unga ni CuSO₄ peke yake, 159.5. Acha neli ipoe kabisa, dondosha maji kidogo juu ya unga, buluu inarudi hapohapo na neli inapata joto mkononi. Maji yalikuwa ndani ya fuwele muda wote, na yana uzito: 90 kati ya 249.5, zaidi kidogo ya thuluthi moja ya kile ulichopima kwenye mizani. Mwenye kuyaacha kwenye hesabu ameacha thuluthi ya kitu.

Shabu ile ya kusafishia maji, KAl(SO₄)₂·12H₂O, ina mabano na nukta kwa pamoja. Jifanyie mwenyewe. Jibu ni 474, na ukikosa, tofauti itakwambia kama ni matatu au nukta.

Dalili: jibu lako ni nusu hivi ya linalotakiwa

Maji 10 badala ya 18. Chumvi 28 badala ya 58.5. Umetumia nambari ya atomi mahali pa masi ya atomi. Kila kisanduku kwenye jedwali la elementi kina nambari mbili, na wachapishaji hawakubaliani ipi ikae juu. Mwanafunzi aliyezoea chati ya ukutani darasani akifungua kitabu kingine anachukua ya juu kwa mazoea.

Kipimo cha haraka: ukiacha haidrojeni, ambayo zote mbili ni 1, masi huwa ni karibu mara mbili ya nambari ya atomi au zaidi. Basi kubwa ndiyo yako. Ukiona oksijeni imehesabiwa 8 au kaboni 6, usiendelee.

Dalili: tofauti ni 9 au 8, au kuna elementi usiyoitarajia

Tofauti ya 9 kwa kila sodiamu: umeandika S ukafikiria sodiamu, ukatumia 32 badala ya 23. Tofauti ya 8 kwa kila potasiamu: umetumia P, 31, mahali pa K, 39. Alama hizi za herufi zilipendekezwa na mkemia Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi mnamo 1813, naye alichukua majina ya Kilatini, ndiyo maana sodiamu ni Na kutoka *natrium* na chuma ni Fe kutoka *ferrum*. Shaba, fedha na risasi nazo ni hivyohivyo: Cu, Ag, Pb. Sisi tuna majina yetu ya kale kwa vitu hivi, na wala hayafanani na alama wala na Kiingereza, kwa hivyo hapa ni kukariri tu. Alama kumi na mbili hivi zinakutosha.

Kuna pia suala la mwandiko. CO ni kaboni na oksijeni, 28. Co ni metali ya kobalti, 59. Wanafunzi wanaotumiana kazi kwa simu wana shida hii kila siku, kwa sababu simu hukuza herufi ya kwanza na kuacha ya pili ndogo. Mmoja aliniletea kabonidayoksaidi yenye masi ya 118. Nikakaa nayo muda kabla sijang'amua: 59 × 2. Alikuwa ameandika Co2.

Dalili: hesabu yako haina kosa popote, na bado si sawa

Hapa huwa naacha hesabu na kusoma swali upya. Swali linataja jina, nawe ndiwe uliyeandika fomula. Ukiandika NaSO₄ kwa sodiamu salfeti, utapata 119 kwa hesabu safi kabisa, na jibu ni 142. Tofauti ni 23, sodiamu mmoja, kwa sababu salfeti yenye chaji mbili inahitaji sodiamu wawili. Ukiandika AlSO₄ kwa aluminiamu salfeti utapata 123, mbali sana na 342.

Hapa kalkuleta haina msaada wala jedwali la masi halina msaada. Rudi kwenye valensi, yaani ukubwa wa chaji ya kila upande: Al ni 3, SO₄ ni 2, zibadilishane nafasi, upate Al₂(SO₄)₃. Nambari za Kirumi kwenye jina nazo ni valensi: chuma(II) kloraidi ni FeCl₂, 127, na chuma(III) kloraidi ni FeCl₃, 162.5. Anayeziruka nambari hizo ataandika lolote.

Halafu kuna majina yanayotofautiana kwa silabi moja. Salfeti, salfaiti, salfaidi: Na₂SO₄ ni 142, Na₂SO₃ ni 126, Na₂S ni 78. Masikio yetu hupokea maneno haya haraka, hasa mwalimu akisoma swali kwa sauti nyuma ya darasa lenye watu sitini. Tofauti ya 16 kamili kwenye kampaundi ya salfa au ya naitrojeni, na hesabu yako ni safi? Shuku kwamba ulisikia -aiti penye -eti.

Na gesi: oksijeni, naitrojeni, haidrojeni na klorini hutembea wawiliwawili. Ukiambiwa gesi ya klorini, ni Cl₂, 71.

Dalili: jibu ni mara mbili au mara tatu kamili

Kwenye mlingano uliona 2NaOH, ukaandika masi ya fomula 80. Masi ya fomula ya NaOH ni 40, hata mlingano ukiwa na 2, 6 au 10 mbele yake. Nambari kubwa ya mbele inasema fomula ngapi zinashiriki. Haibadilishi fomula yenyewe, kama vile kununua sabuni mbili hakubadilishi uzito wa sabuni moja. Utaihitaji baadaye ukianza kukokotoa gramu zilizoingia na zilizotoka. Ila nambari kubwa iliyo baada ya nukta, kama tulivyoona kwenye mrututu, ni sehemu ya fomula. Hapo ndipo wengi huchanganya, na ni haki yao kuchanganyikiwa, kwa kuwa alama moja inafanya kazi mbili.

Dalili: mmeachana kwa pointi tu

Kwa chumvi, wewe 58.5, mwenzako 58.44. Nyote mko sawa, mmetumia jedwali tofauti. Kwenye mtihani wa KCSE, ule wa kidato cha nne, masi za atomi hutolewa ndani ya swali lenyewe, na hizo ndizo za kutumia, hata kama unazijua nyingine zilizo sahihi zaidi.

Ila usikadirie 35.5 ikawa 36. Ile nusu ina maana yake. Atomi za klorini ni za aina mbili: karibu robo tatu zina masi ya 35 na robo iliyobaki 37, na wastani wake ndio 35.5. Hakuna atomi hata moja ya klorini yenye 35.5, ni kama wastani wa watoto kwa kila nyumba. Ukikadiria, kosa linazidishwa: CCl₄ ni 154, na kwa 36 inakuwa 156. Kwa shaba vilevile, iache 63.5.

Dalili: jibu ni sahihi, alama imepotea

Masi ya fomula haina kizio kama gramu. Ni ulinganisho na kaboni-12, kwa hivyo andika 74 basi. Ukiulizwa masi ya moli moja (kiasi ambacho gramu zake ni sawa na masi ya fomula), hapo ndipo unaandika gramu 74. Na onyesha hesabu yako, mstari kwa mstari, kwani mtahini anaweza kukupa alama ya njia hata ukiteleza kwenye kujumlisha.

Na kama huna jibu la kulinganisha nalo?

Chumba cha mtihani hakina ukurasa wa majibu. Njia ya kwanza ni kuhesabu mara mbili kwa njia mbili tofauti: mara moja atomi kwa atomi, mara ya pili kikundi kwa kikundi. Kwa Al₂(SO₄)₃ njia ya pili ni 54 + 3 × 96 = 342. Kurudia njia ileile hakusaidii, utarudia kosa lilelile kama yule binti na 114 yake.

Njia ya pili naipenda kwa sababu inatoka nje ya daftari. Nenda duka la pembejeo utazame gunia la mbolea ya urea. Limeandikwa 46, yaani asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni. Fomula ni CO(NH₂)₂: 12 + 16 + 2 × 16 = 60, naitrojeni zikiwa 28. Gawanya 28 kwa 60, unapata 46.7 kwa mia. Gunia limekubali. Ungesahau ile 2 nje ya mabano ungepata 44, naitrojeni 14, sawa na asilimia 31.8, na gunia lingekukatalia palepale. Amonia salfeti, (NH₄)₂SO₄, ni 132 yenye naitrojeni 28, asilimia 21.2, na gunia lake husema 21.

Njia ya tatu ni mlingano uliosawazishwa: uzito wa kushoto lazima ulingane na wa kulia. Chukua magadi, yaleyale mama zetu hutia kwenye mahindi na maharagwe yaive upesi. Yanachimbwa Ziwa Magadi huko Kajiado, kusini-magharibi mwa Nairobi, na fomula yake ina nukta mbili: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Sodiamu 3, kaboni 2, oksijeni 8, haidrojeni 5. Yaani 69 + 24 + 128 + 5, jumla 226. Yakichomwa vya kutosha, magadi mawili hutoa sodiamu kaboneti tatu, maji matano na kabonidayoksaidi moja.

Kushoto: 2 × 226 = 452. Kulia: 3 × 106 = 318, 5 × 18 = 90, na 44. Jumla 452.

Yule binti aliifanya hii kwa kalkuleta ya mama yake, M+ kwa M+, na mara ya kwanza kushoto kwake kulitoka 420. Akatafuta tofauti mwenyewe bila kuniita: 32, na kwa kuwa magadi ni mawili, ni 16 kwa kila moja, oksijeni mmoja. Akarudi kwenye nukta ya pili, akaikuta 2H₂O aliyoisoma 4 + 16.